Marehemu Dakta Klerruu na Heshima ya Mtu wa Kazi

Mfanyakazi anapolalamika hujibiwa kwa namna mbili. Huambiwa kwamba kazi ni uhai, na achokaye ni mvivu. Au huambiwa kwamba mkubwa wake ana nia njema, kwa hiyo maneno yake makali yafaa kuvumiliwa. Majibu hayo mawili tumeyasikia maofisini, viwandani, mashambani na hata shuleni. Twaona yafaa tuyapime leo kwa maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake halijasahauliwa katika Nyanda za Juu Kusini, ingawa imepita zaidi ya nusu karne tangu alipofariki. Mtu huyo ni Marehemu Dakta Wilbert Klerruu, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa.

Msafiri atokaye mjini Iringa kwenda Dodoma hupita katika nchi ya Ismani, na huko Mkungugu upo mnara wa kumkumbuka. Mjini Iringa kipo chuo cha ualimu kilichopewa jina lake. Hata hivyo wengi wetu twamjua kwa siku moja tu, nayo ni siku aliyouawa. Sisi twapenda wasomaji wamtazame pamoja na kazi aliyoifanya na watu aliowafanyia. Kifo chake kilitokea akiwa kazini, na jambo lililogombewa shambani siku ile lilikuwa kazi yenyewe: ifanywe na nani, kwa faida ya nani, na kwa amri ya nani.

NCHI YA VIBARUA

Hatuwezi kumwelewa Marehemu bila kuwaelewa kwanza watu wa nchi aliyopelekwa kuiongoza. Zamani za mkoloni, Iringa na Mbeya zilikuwa jimbo moja. Lilikuwa jimbo lenye mvua na rutuba, lakini kwa watawala lilikuwa pia ghala la nguvu za watu. Kodi ya kichwa ililipwa kwa fedha, na kijana wa Njombe, Makete, Rungwe au Mbozi asiyekuwa na zao la kuuza hakuwa na njia nyingine ya kuipata fedha hiyo ila kuuza mikono yake.

Wengine walikwenda Lupa, wilayani Chunya, ambako dhahabu ilivuta wachimbaji wengi wa Kizungu katika miaka ya 1920 na 1930. Huko kibarua alipewa kipande, na kipande kilihesabu siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa, hata kama jua lilimkuta na kumwacha papo hapo. Mchimbaji mdogo alipokosa dhahabu, kibarua naye alikosa mshahara, akarudi kwao na miguu yenye vumbi na kipande kisichomfaa kitu. Wengine walisafirishwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro, hasa baada ya wenye mkonge kuunda ofisi yao ya kuandika watu mwaka 1944, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Hao ndio walioitwa manamba, maana mtu aliacha jina alilopewa na baba yake akawa namba. Wengine tena waliandikwa katika nchi ya Wanyakyusa kwenda kuchimba dhahabu Afrika ya Kusini, biashara ambayo serikali yetu iliikomesha baada ya Uhuru. Na waliobaki karibu na kwao walichuma chai Mufindi na Rungwe.

Twataja mambo haya kwa sababu yameacha alama katika mioyo ya watu. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini alijifunza mapema kwamba kuchoka kwa kazi ni jambo moja, na kudharauliwa kazini ni jambo jingine. La kwanza huondoka kwa usingizi na chakula. La pili huenda nyumbani pamoja naye, akalala nalo, akaamka nalo.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, watu walitumaini kwamba dharau hiyo imekwisha. Huko Ismani, hata hivyo, kulikuwa na jambo jipya. Tangu miaka ya 1940 na 1950 watu kutoka sehemu mbalimbali walikuwa wamefyeka mapori yake na kulima mahindi. Ardhi ilizaa sana. Baada ya muda wachache kati yao walipata matrekta na malori, wakashika sehemu kubwa ya ardhi, na wengi wakawa vibarua wao. Kibarua wa Ismani alipima palizi kwa ngwe na kuvuna mahindi ya mtu mwingine, na bwana wake sasa alikuwa Mwafrika mwenziwe. Uzito wa jembe ulikuwa ule ule.

MSOMI ALIYECHAGUA CHAMA

Dakta Klerruu alikuwa mtu wa Kilimanjaro. Alisoma mpaka akafika Marekani, na huko akapata shahada ya udaktari katika elimu ya siasa, wakati ambapo Watanganyika waliokuwa na shahada yoyote walikuwa wachache mno. Mtu mwenye elimu ile angeweza kutafuta kazi ya raha na mshahara mnono. Yeye alichagua kufanya kazi ya TANU. Aliushughulikia uenezi wa Chama, akaandika juu ya mfumo wa chama kimoja, na baadaye akapewa ukuu wa mkoa, kazi ambayo siku zile iliunganisha madaraka ya Serikali na ya Chama katika mkono wa mtu mmoja.

Kabla ya Iringa alikuwa Mtwara. Wasomaji wakumbuke hali ya Mtwara ya wakati ule. Ng'ambo ya Mto Ruvuma wananchi wa Msumbiji walikuwa wakipigana na Wareno tangu mwaka 1964, na watu wa upande wetu waliishi karibu na moto. Kukaa pamoja vijijini kulikuwa na maana ya ulinzi pamoja na maana ya ujamaa. Mtwara ukawa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kwa wingi wa vijiji, na sifa za mkuu wake wa mkoa zikasikika. Alipohamishiwa Iringa mwaka 1971, alikuja na sifa hiyo mgongoni.

Hapa pana jambo ambalo kila mfanyakazi analifahamu. Mtu akifaulu mahali pamoja, hutazamiwa afaulu vivyo hivyo mahali pengine, na upesi zaidi. Siku zile wakuu wa mikoa walishindana kwa idadi ya vijiji. Idadi ni kitu kinachoandikwa kwa urahisi katika ripoti, lakini ripoti haina nafasi ya kuandika moyo wa mtu aliyehesabiwa. Dakta Klerruu naye, pamoja na ukubwa wake, alikuwa mfanyakazi mwenye wakubwa juu yake, mwenye hesabu ya kutoa, na mwenye siku chache za kuitoa.

Nia ya kazi aliyopewa ilikuwa njema, na sisi twasema hivyo bila kusitasita. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikataza mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe. Siasa ya vijiji vya ujamaa iliyotangazwa mwaka huo huo ilitaka yule kibarua wa ngwe awe mwenye shamba pamoja na wenzake. Kama kulikuwa na mahali katika Tanzania ambapo maneno hayo yalikuwa na kazi ya kufanya, mahali hapo palikuwa Ismani. Lakini siasa hiyo hiyo ilisema kwamba watu waingie vijijini kwa hiari. Na mwezi Oktoba 1968, katika andiko juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere alirudia tena kwamba kazi ya kiongozi ni kueleza na kushawishi, na kwamba watu hawaendelezwi kwa kusukumwa.

Mwaka 1971, mwaka ule ule alioingia Iringa Marehemu, TANU ilitoa Mwongozo. Ulitoka mwezi Februari, majuma machache baada ya jeshi kuipindua serikali ya Uganda, nao ulikuwa na vifungu vingi juu ya ulinzi wa nchi. Lakini kifungu kilichokaa katika vichwa vya wafanyakazi kilikuwa cha 15. Kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, kudharau watu na kuwaonea. Wafanyakazi walikijua kwa namba yake. Fundi asiyejua kusoma sana aliweza kumwambia meneja kwamba amekiuka cha 15, na meneja akaelewa.

SIKUKUU YA MWAKA 1971

Iringa haikuwa Mtwara. Ismani hapakuwa na vita ng'ambo ya mto, na wenye mashamba makubwa hawakuwa na hofu ya kuwakusanya pamoja na majirani zao. Walikuwa na ekari walizozifyeka wenyewe, na matrekta waliyoyanunua kwa fedha zao. Kuambiwa kwamba ardhi hiyo sasa ni ya kijiji kulikuwa kwao sawa na kuambiwa kwamba miaka 20 ya maisha yao haikuwa kitu. Na kibarua wa Ismani, ambaye kwa ajili yake mambo haya yalifanywa, alikaa pembeni akisikiliza wakubwa wawili wakigombania shamba alilolipalilia yeye.

Marehemu alikuwa mtu wa bidii isiyo na kikomo. Hakuwa kiongozi wa kukaa ofisini akingoja taarifa. Alikwenda mwenyewe mashambani kutazama. Jumamosi tarehe 25 Desemba 1971 ilikuwa Sikukuu ya Krismasi. Maofisi yalikuwa yamefungwa. Yeye aliingia katika gari akaelekea Ismani, bila msafara na bila mlinzi.

Mwezi wa Desemba ni mwezi wa kulima katika Iringa, maana mvua zikianza haziwangoji watu. Huko Mkungugu mkulima mmoja mkubwa, Saidi Mwamwindi, Mwislamu ambaye Krismasi haikuwa sikukuu ya dini yake, alikuwa shambani akilima. Watu wawili hao walikutana katika siku ambayo wengine walipumzika. Wakabishana. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga Mkuu wa Mkoa, akamwua. Kisha akaupakia mwili katika gari la Marehemu, akaendesha mpaka mjini Iringa, akajitoa mwenyewe mbele ya polisi.

Mahakama Kuu iliisikiliza kesi hiyo mwaka 1972. Upande wa utetezi ulisema kwamba mshtakiwa alitukanwa na kuchokozwa hata akapoteza nafsi yake. Mahakama haikukubali kwamba jambo hilo linaondoa hatia ya kuua kwa kukusudia. Mwamwindi alihukumiwa kifo, naye akanyongwa.

Ni maneno gani hasa yaliyosemwa shambani, kila mtu wa Iringa ana masimulizi yake. Mmoja wa wale wawili hakuishi kuyaeleza, na mwingine aliyaeleza akiwa na kamba mbele yake. Kwa hiyo sisi hatutajifanya mahakimu wa maneno hayo. Tunalolijua latosha. Nyumba mbili zilipoteza baba. Nchi ilimpoteza msomi mmoja katika wachache iliokuwa nao. Na risasi haikuongeza hata debe moja la mahindi katika ghala la mtu yeyote.

MIEZI NA MIAKA ILIYOFUATA

Mwezi Mei 1972, hata miezi mitano haijatimia tangu mauaji, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Iringa penyewe na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Lilitaka viongozi waijue kazi ya kilimo na kanuni zake, watumie mbolea na maksai, wasione kwamba kumwongoza mkulima ni kumtolea hotuba tu. Hilo lilikuwa neno jema, na kutolewa kwake Iringa kulikuwa na maana.

Lakini haraka haikupungua. Wakulima wakubwa wa Ismani walibanwa, na vijiji vikaongezeka upesi. Mwishoni mwa mwaka 1973 ikatangazwa kwamba watu wote wa vijijini wawe wameingia katika vijiji kabla ya mwaka 1976 kwisha. Hiari ikageuka amri, na katika sehemu nyingi watu walihamishwa kwa malori. Miaka ya 1974 na 1975 ilikuwa ya ukame na njaa, na kampeni ya kilimo cha kufa na kupona ikaleta sheria ndogo za ekari ambazo kila mtu lazima azilime. Yule kibarua wa zamani wa Ismani akajikuta ana kijiji, ana kadi, ana ekari, na bado ana msimamizi wa kumpimia. Wengine katika hao walipata shule, zahanati na maji ambayo wasingeyapata peke yao, na haki yadai tuseme hivyo. Lakini wengi walirudia ule ujuzi wa zamani wa Lupa, wa kufanya kazi kwa mikono huku moyo umekaa chini ya mti. Shamba la kijiji lililimwa kivivu, na bustani ya nyuma ya nyumba ikalimwa kwa bidii. Wakubwa waliita jambo hilo uvivu. Sisi twaliita jibu la mtu ambaye hakuulizwa.

Viwandani nako cha 15 kilikuwa kikifanya kazi. Kati ya 1972 na 1974 wafanyakazi wa viwanda kadhaa, hasa Dar es Salaam, waliacha mashine, na mara nyingi sana lalamiko lao la kwanza halikuwa mshahara. Lilikuwa matusi ya meneja, kufukuzwa bila kusikilizwa, na kufanywa kama watoto. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika hata kumtoa mwenye kiwanda na kukiendesha wenyewe. Matukio hayo na lile la Mkungugu yalifanana katika jambo moja tu, yaani watu waliokuwa wakifanya kazi waliona wamevunjiwa heshima. Katika yote mengine yalikuwa mbali kama mashariki na magharibi. Wafanyakazi wale walisimama wengi, mikono mitupu, mchana, wakiwa na kifungu chao. Mwamwindi alisimama peke yake na bunduki.

MAMBO YA KUJIFUNZA

Jambo la kwanza twalielekeza kwa wakubwa wa kazi, wawe wa Serikali, wa Chama, wa mashirika au wa makampuni ya watu binafsi. Haki ya shabaha haimpi mtu ruhusa ya kudharau. Shabaha ya Marehemu ilikuwa kumtoa kibarua katika unyonyaji, na twaamini hakuna shabaha iliyo safi kuliko hiyo. Hata hivyo mtu anayesukumwa kuelekea katika neema hulisikia sukumo kabla ya kuiona neema. Wazee wetu walisema kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mkuu wa kazi anayedhani kwamba ripoti nzuri itafuta jeuri yake ajue kwamba wasomaji wa ripoti wako mbali, na waliojeruhiwa wako naye chumba kimoja.

Jambo la pili ni juu ya mapumziko. Marehemu alitumia siku ya sikukuu kufanya kazi ya nchi, na kwa hilo twamheshimu. Lakini kiongozi asiyepumzika huja akaona kwamba mapumziko ya wenzake ni wizi, na uchovu wao ni uasi. Katika nchi yetu ipo methali ya punda afe mzigo wa bwana ufike. Wengi huitumia kwa kujisifu, kana kwamba ni methali ya bidii. Ukiisikiliza vizuri utaona kwamba ni methali ya bwana, haikutungwa na punda. Na mzigo wa kesho, punda akiwa amekufa, utabebwa na nani?

Siku hizi hata wataalamu wamelipa jambo hili jina. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza katika orodha yake ya magonjwa na hali za afya kwamba ipo hali ya kuchakaa kwa ajili ya kazi. Halikuiita ugonjwa. Lilisema hutokana na shida ya muda mrefu kazini ambayo haikushughulikiwa, na likataja dalili zake tatu: nguvu kuisha, moyo kuikinai kazi au kuichukia, na mtu kujiona kwamba hafanyi tena kazi yenye manufaa. Muuguzi wa zamu tatu mfululizo anazijua dalili hizo. Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi kupita kiasi anazijua, na mchuma chai anayepimiwa kilo asubuhi hadi jioni alizijua kabla hazijapata jina.

Jambo la tatu ni la mfanyakazi mwenyewe. Hasira iliyofichwa kwa muda mrefu haitoki kwa mpango. Hutoka siku moja kama risasi, na humwangamiza mwenye haki pamoja na asiye na haki. Mkungugu pametufundisha hivyo kwa gharama kubwa. Mfanyakazi anayeonewa asingoje mpaka siku hiyo. Aandike tarehe na jambo lililotendeka. Awaambie wenzake wa tawi, maana kinachomsumbua mmoja mara nyingi kinawasumbua wanane. Apeleke shauri kwa njia iliyowekwa, nayo njia ipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, na zisizidi 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kila juma mfanyakazi apate saa 24 mfululizo za kupumzika, na kila mwaka likizo ya siku 28 yenye malipo. Mtu hawezi kuachishwa kazi bila sababu ya haki na bila kusikilizwa. Likitokea shauri, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake, na mashauri mengine yana siku 60. Wengi hushindwa kwa sababu walikaa wakinung'unika hadi siku zikapita, wala haki yao haikuwa dhaifu.

Tumeandika maisha ya Dakta Klerruu bila kumfanya malaika na bila kumfanya dhalimu, kwa sababu hakuwa mmojawapo wa hao. Alikuwa mtumishi mwaminifu wa kazi kubwa, aliyepewa muda mfupi, akaenda kwa haraka katika nchi ya watu wenye kumbukumbu ndefu za kuamrishwa. Kumheshimu kwa kweli ni kuishika ile shabaha yake kwamba asiwepo mtu wa kuishi kwa jasho la mwenziwe, na kuilinda kwa ile heshima ambayo Mwongozo wa mwaka aliokufa uliidai kwa kila kiongozi.

Basi twawaomba wakubwa wa kazi wa Mbeya na Iringa, na wa mikoa ya Njombe na Songwe iliyozaliwa kutoka kwao, wafanye jambo moja juma hili. Walifungue daftari la likizo. Watazame ni nani hajapumzika mwaka huu, na ni nani hakupumzika hata mwaka jana. Wamwite mtu huyo ofisini, wamkaribishe kiti, na wamwulize habari za kazi. Halafu wanyamaze, wamsikilize.